Vikombe vya Dhamana Viwanjani na Kumbini: Jinsi Mpango Unavyoanzishwa

Kikombe cha dhamana ni kikombe kigumu cha plastiki ambacho mnunuzi wa kinywaji hukilipia pesa ya ziada anapokipokea, kisha hurudishiwa pesa hiyo anapokirejesha. Kwa watu wa Afrika Mashariki utaratibu huu si mgeni, kwani anayetaka kuondoka dukani na soda ya chupa ya kioo huacha pesa ya chupa au hutoa chupa tupu. Ugumu wa uwanjani ni kwamba maelfu ya watu hunywa ndani ya saa mbili, kisha wote huelekea mlangoni kwa pamoja.

Ujerumani ndiyo yenye uzoefu wa muda mrefu katika jambo hili. Mwaka 1991 jiji la München lilipiga marufuku vyombo vya kutupwa katika hafla zinazofanyika kwenye ardhi na majengo ya jiji, sherehe kubwa ya bia ya Oktoberfest ikiwemo. Zipo pia halmashauri za nchi hiyo zinazokodisha tela lenye mashine ya kuoshea vyombo, ili hata sherehe ya mtaa isikose pa kuoshea. Tangu Januari 1, 2023, sheria inawataka wauzaji wa vinywaji vya kuchukua kumpa mteja nafasi ya kuchagua kikombe cha kutumika tena. Maduka madogo yameruhusiwa kuvijaza vyombo ambavyo mteja amekuja navyo.

Anayeanzisha mpango hana budi kwanza kuijua hesabu ya urejeshaji, maana mengine yote yanaitegemea. Vikombe 90 katika kila 100 vikirudi, kikombe kimoja hutumika kwa wastani mara 10 kabla ya kupotea. Vikirudi 95, hutumika mara 20. Vikirudi 50, hutumika mara mbili tu. Sasa tuseme kikombe cha kutupwa kina gramu 8 na kile kigumu kina gramu 40. Ili plastiki iliyotumika ilingane, kikombe kigumu kinapaswa kunywewa mara tano, yaani vikombe 80 katika kila 100 virudi. Hapo hakuna faida bado, na maji, umeme na mafuta ya gari la kubebea havijahesabiwa. Mpango ambao nusu ya vikombe vyake hupotea huleta taka nyingi kuliko ile iliyokusudiwa kuondolewa, na ni vibaya kuupamba kwa jina la utunzaji wa mazingira.

Kwa sababu hiyo kiwango cha dhamana hakikadiriwi ovyo. Katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024 dhamana ilikuwa euro 2. Katika jiji la Aarhus, Denmark, ambako mpango wa mji mzima ulianza Januari 2024 kwa ushirikiano na kampuni ya TOMRA ya Norwe, dhamana iliwekwa kroner 5, na mashine za mitaani zilipokea kikombe na kurudisha pesa kwenye kadi ya benki. Dhamana ikiwa ndogo mno, mtu hukiacha kikombe chini ya kiti bila kujali. Ikiwa kubwa mno, hughairi kununua kinywaji, au baba mwenye watoto wanne huona gharama imempita.

Kikombe chenye nembo ya mashindano na mwaka wake hugeuka kumbukumbu. Ndivyo ilivyokuwa Paris, ambako watazamaji wengi waliondoka navyo. Katika masoko ya Krismasi ya Ujerumani, vikombe vya mvinyo wa moto huchorwa picha mpya kila mwaka, na wako wanunuzi wanaovikusanya. Muuzaji wa vikumbusho hufurahi, lakini mpango wa kupunguza taka huumia. Ukumbi unaotaka vikombe vyake virudi hununua visivyo na tarehe wala jina la msanii, vya umbo moja, vinavyoweza kutumika wiki hii kwenye harusi na wiki ijayo kwenye mechi. Umbo moja hurahisisha pia kuvipanga, kuvihesabu na kuvikodisha kwa kumbi jirani.

Kituo cha kurejesha huwekwa njiani kuelekea mlango wa kutokea, mbali na foleni ya wanaonunua, na kiwe na wahudumu wa kutosha katika nusu saa ya mwisho, wakati wanaotoka ni wengi na kila mmoja ana haraka. Asiyetaka kupanga foleni hupewa njia nyingine. Shirika la Viva con Agua, lililoanzishwa mwaka 2006 na Benjamin Adrion, aliyekuwa mchezaji wa klabu ya FC St. Pauli ya Hamburg, huweka mapipa ambamo mashabiki hutumbukiza vikombe vyao na kuiachia dhamana miradi ya maji, ikiwemo ya Uganda. Kikombe hurudi ghalani, na dhamana iliyoachwa hupata kazi yenye maana.

Uoshaji ndipo mipango mingi hukwama, na kinachoikwamisha ni ukaushaji. Vikombe vingi vya aina hii hutengenezwa kwa polipropilini, plastiki inayostahimili maji moto ya mashine bila kuyeyuka. Lakini haitunzi joto kama kioo. Glasi hutoka mashineni ikiwa moto na maji yaliyobaki hupaa yenyewe; kikombe cha plastiki hupoa mara moja, na matone hubaki yameng'ang'ania ukingoni na katika kishimo cha kitako. Vikombe hivyo vikipachikwa kimoja ndani ya kingine na kufungiwa kwenye kasha, unyevu hukosa pa kutokea. Baada ya siku chache kasha likifunguliwa hutoka harufu ya ukungu, na shehena yote lazima ioshwe upya. Dawa yake ni mashine yenye kipulizo cha hewa moto, au meza za wavu na muda wa kutosha. Ukumbi usio na kimojawapo ni heri uipe kazi hiyo kampuni ya uoshaji iliyo karibu.

Idadi ya vikombe hukadiriwa kwa vinywaji vinavyotarajiwa kuuzwa, si kwa watu. Pasipo mashine ya kuoshea papo hapo, kila kinywaji kinahitaji kikombe chake, na akiba juu yake.

Ni muhimu pia kutazama kinachomiminwa ndani. Paris ilikosolewa na watetezi wa mazingira kwa sababu sehemu ya vinywaji ilitoka kwenye chupa za plastiki na kumiminwa katika vikombe vya dhamana, kwa hiyo taka ilihamia nyuma ya kaunta. Bomba la kinywaji au chupa ya kioo huondoa kasoro hiyo.

Hafla ikiisha, dhamana zisizodaiwa huandikwa katika daftari lake. Mwenye ukumbi akizihesabu kuwa faida, hupendezwa na kila kikombe kinachopotea. Pesa hizo zitengewe kununua vikombe vya kuziba pengo na kuwalipa wahudumu wa kituo cha kurejesha.