Msimu wa korosho ndio msimu wa kunadi vitabu kusini

Wasomaji wengi wa magazeti walilizoea jina la Nandagala baada ya Novemba 2015, pale mwana wa kijiji hicho cha wilaya ya Ruangwa, Kassim Majaliwa, alipoteuliwa kuwa Waziri Mkuu wa Tanzania. Tangu hapo jina hilo limepita kwenye habari za siasa, barabara, maji na korosho. Kwenye ukurasa wa vitabu ni vigumu kulikuta, kwa kuwa ukurasa wenyewe ni haba. Gazeti la Kiswahili lenye mhariri ambaye kazi yake ni fasihi tu ni la kutafuta kwa tochi. Kwa kawaida vitabu huangukia kwenye meza ya mhariri wa makala, ambaye wiki hiyohiyo ana afya, malezi, kilimo na ndoa vya kupangia nafasi.

Anayenadi vitabu, awe afisa masoko wa shirika la uchapishaji au mwandishi aliyejichapishia kwa fedha zake, aanze na hali hiyo ilivyo. Mhariri wa namna hii hatafuti kitabu. Anatafuta habari itakayomfanya msomaji asimame kwenye ukurasa wake. Kwa mikoa ya kusini nasema zaidi ya hapo: habari hiyo ina msimu wake, nao ni ule ambao mkulima wa Ruangwa na Nachingwea ameshauza korosho na fedha imeingia benki. Wachapishaji wetu hawaupangi mwaka wao kwa kalenda hiyo, na wanapoteza wasomaji.

Kuna sababu ya kihistoria. Sera ya vitabu ya mwaka 1991 ilifungua milango kwa wachapishaji binafsi kutoa vitabu vya shule, na kwa miaka mingi shule ndiyo iliyokuwa mnunuzi mkubwa. Kitabu kilichopata ithibati ya serikali kilijiuza. Hakikuhitaji mhariri wa gazeti, wala mtu wa kumpigia simu mhariri huyo. Serikali ilipoirudishia Taasisi ya Elimu Tanzania kazi ya kuandaa vitabu vya kiada, wachapishaji wengi walijikuta wanamtegemea msomaji wa kawaida, yule anayetoa noti mfukoni mwake, bila kuwa wamewahi kujifunza kuzungumza naye. Njia pekee waliyoijua ya kuingia gazetini ilikuwa uzinduzi.

Na uzinduzi una nguvu, hasa mgeni rasmi akiwa mkubwa. Novemba 12, 2019, siku yake ya kuzaliwa, Rais mstaafu Benjamin Mkapa alizindua jijini Dar es Salaam kitabu cha maisha yake, My Life, My Purpose, kilichochapishwa na Mkuki na Nyota, na Rais John Magufuli ndiye aliyekuwa mgeni rasmi. Mkapa alikuwa mtu wa Lupaso, Masasi, jirani kabisa na Nachingwea. Tena alikuwa mtu wa chumba cha habari, aliyepata kuhariri Uhuru, The Nationalist na baadaye Daily News. Magazeti yaliandika kwa wingi. Mei 8, 2021 ikawa zamu ya rais mwingine mstaafu, Mzee Ali Hassan Mwinyi, na kitabu chake Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu. Rais Samia Suluhu Hassan alikizindua, na palepale akamzawadia mzee gari aina ya Mercedes-Benz. Nchi nzima ilisikia habari ya gari. Yaliyomo ndani ya kitabu yalihitaji mtu wa kuyasukuma wiki ya pili na ya tatu, wakati mahema yameshakunjwa.

Mwandishi asiye rais hawezi kuitegemea njia hiyo. Mwalimu wa sekondari wa Ruangwa akitoa riwaya, hakuna msafara utakaokuja kuizindua. Ana kitu kimoja tu cha kumpelekea mhariri: ujumbe.

Ujumbe unaofika kwa wahariri mara nyingi unasomeka hivi: "Habari mhariri. Tumechapisha riwaya nzuri sana yenye mafunzo kwa jamii. Tunaomba mtusaidie kuitangaza. Picha ya jalada nimeambatanisha." Mhariri hana la kufanya nao. Kila riwaya ina mafunzo kwa jamii, na tangazo lina idara yake, ambako hulipiwa.

Tuseme sasa riwaya hiyo inamhusu binti wa kijiji kimoja cha Ruangwa ambaye baba yake ameuza korosho kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi wa bei ya chini, kabla ya msimu ili apate ada, kisha mnada unafunguliwa na bei inapanda. Ujumbe uandikwe hivi: "Mhariri, minada ya korosho inaanza mwezi ujao. Riwaya hii inasimulia kaya iliyouza kwa kangomba na kukosa bei ya mnada. Mwandishi ni mwalimu wilayani Ruangwa, ameyaona hayo kwa wanafunzi wake. Nina dondoo la maneno 700 linalojitegemea, picha ya mwandishi akiwa shambani, na mwandishi anapatikana kwa simu jioni. Nakala nitaileta ofisini kwako Jumanne. Kitabu kinauzwa Ruangwa mjini na Dar es Salaam." Sentensi chache, zinazosomwa kwenye simu kabla ya kikao cha asubuhi kuanza. Humo mhariri ameshaona kichwa cha habari, picha, ukubwa wa makala na sababu ya kuichapisha mwezi huu badala ya mwakani.

Anayetuma ujumbe huo aangalie pia saa. Kupiga simu jioni, wakati kurasa za kesho zinafungwa, ni kujiharibia. Kurasa za makala, hasa za toleo la Jumapili, hupangwa mapema kuliko ukurasa wa mbele, kwa hiyo anayetaka Jumapili asisubiri Ijumaa. Na nakala iliyochapwa bado ina uzito wake: faili la kurasa mia tatu kwenye simu halifunguki kirahisi, kitabu kilicho mezani huokotwa.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba kitabu kinaweza kuwa na meza zaidi ya moja. Hiyo riwaya ya kangomba mhariri wa uchumi anaihitaji pengine kuliko wa makala. Yeye ndiye aliyefuatilia Novemba 2018, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kutuma magari ya jeshi kuzisomba. Kitabu kuhusu Namungo, timu ya Ruangwa iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20 na kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Simba, kipelekwe kwa mhariri wa michezo bila kusita, maana kurasa zake zina wasomaji wengi kuliko kurasa nyingine zote. Na kitabu cha historia ya Nachingwea kina mlango wa habari za kimataifa: hapo ndipo wapiganaji wa Frelimo walipofunzwa chini ya Samora Machel, na kila Juni 25, siku ya uhuru wa Msumbiji tangu 1975, kuna mhariri anayetafuta cha kuweka.

Nachingwea yenyewe imeshatoa funzo la wakati. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Msimamizi wa habari wa mradi huo, mwandishi wa Kiaustralia Alan Wood, kazi yake ilikuwa kuusemea kwa magazeti. Aliacha kazi, na mwaka 1950 akatoa kitabu, The Groundnut Affair, wakati Waingereza wangali wakigombana kuhusu mamilioni yao yaliyopotea kwenye pori letu. Mwaka uliofuata mradi ulitelekezwa. Wood alizijua meza za wahariri, akakitoa kitabu swali likiwa bado la moto. Sisi tuliobaki na mashina yaliyong'olewa hatukuwa na mchapishaji wa kusema upande wetu, na kitabu cha Kiswahili chenye simulizi za wazee wa Nachingwea waliofanya kazi kwenye mradi ule kingenadika hata leo.

Oktoba 7, 2021, Abdulrazak Gurnah alipotangazwa mshindi wa Nobel ya Fasihi, vyumba vya habari vya Afrika Mashariki vilihitaji, saa ileile, mtu wa kueleza na kitabu cha kuonyesha. Riwaya yake kwa Kiswahili haikuwapo. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ilitoka kwa Mkuki na Nyota mwaka 2022. Anayenadi vitabu awe na orodha ya wachambuzi anaoweza kumtajia mhariri papo hapo: mhadhiri wa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwalimu wa fasihi, mshindi wa tuzo ya mwaka uliopita. Aziweke pia kwenye kalenda yake tarehe ambazo mhariri lazima azijaze: Aprili 13, siku ya kuzaliwa Mwalimu Nyerere, ambayo tangu 2023 inaambatana na tuzo ya uandishi bunifu yenye jina lake, na Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani.

Dondoo nalipatia uzito wa pekee. Uhakiki unamweleza msomaji kuhusu kitabu, dondoo linamwonjesha. Gazeti la Kiswahili limelea wasomaji kwa njia hiyo tangu Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923 na kuwapa watunzi wa mashairi ukumbi, hadi enzi za magazeti ya Global Publishers, ambako hadithi za Eric Shigongo zilitoka kwa mfululizo na watu wakasubiri toleo lijalo. Mchapishaji anayeogopa kutoa sura moja bure eti watu hawatanunua zilizobaki hajawahi kumtazama msomaji wa hadithi za mfululizo akilisubiri gazeti.

Kuhusu bahasha nitasema waziwazi. Mwandishi wa habari anayelipwa ili asifu kitabu anamuuza msomaji wake, na msomaji aliyeuzwa mara moja hanunui kitabu cha pili. Kama mchapishaji ana fedha, anunue tangazo, liandikwe tangazo. Kama hana, apeleke nakala na akubali kwamba mchambuzi anaweza kuona kasoro. Uhakiki mkali wenye haki unauza kuliko sifa za kununuliwa, na mwandishi wa kwetu anastahili kusomwa kwa makini, kasoro zake zikiwemo.

Turudi kwenye msimu. Minada ya korosho huanza Oktoba, na wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale huuza kupitia vyama vyao vya msingi chini ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI. Malipo yakishatoka, kaya inalipa madeni, inanunua bati na inatenga ada ya Januari. Katika majuma hayo bei ya riwaya si mzigo. Makala inayotoka Machi, wakati shambani kuna palizi na mfuko mtupu, itasomwa na kusahaulika. Hivyo nakala za wahariri zitoke Agosti, ujumbe utumwe mapema Septemba, na redio za mikoa ya Lindi na Mtwara zipate dondoo la kusoma hewani wiki ileile gazeti linapolichapa, kwani Nandagala redio inafika kuliko gazeti.

Makala yenyewe ikitoka bila kusema kitabu kinapatikana wapi, kazi yote imeishia Dar es Salaam. Mchapishaji azungumze mapema na duka moja la vifaa vya shule Ruangwa mjini na jingine Nachingwea, awaachie nakala kwa mali kauli, na vifurushi vya nyongeza vitumwe kwa mabasi yanayokwenda kusini. Kisha amwombe mhariri mistari miwili tu chini ya makala: bei, majina ya maduka hayo mawili, na namba ya simu ya kulipia kwa aliye mbali na mjini.