Vipenyo Vitatu vya Ringi Moja: Istilahi za Kupimia Spoki za Baiskeli

Kila mwongozo wa ufundi wa baiskeli unaofasiriwa kwa Kiswahili hufika mahali pa kumweleza fundi jinsi ya kupata urefu wa spoki kabla hajaanza kusuka gurudumu. Aghalabu ni hapo ndipo mfasiri hulitumia neno moja, kipenyo, kwa vitu vitatu vilivyo mbalimbali, na msomaji akaachwa achague mwenyewe. Akichagua kisicho chenyewe atanunua spoki 36 zisizofaa, na ubaya wake hataujua mpaka gurudumu limekwisha kusukwa. Katika makala haya tunakusudia kuvitenga vipenyo hivyo, lakini kwanza hatuna budi kupita katika maneno machache ambayo bila hayo maelezo hayatasimama.

Neno spoki lenyewe tunalikubali. Wapo waliopendekeza njiti, kwa hoja kwamba ni neno letu na kwamba gurudumu la mkokoteni lina njiti zake za mbao. Hoja hiyo ina kasoro. Njiti ya mbao hubeba mzigo kwa kusimama chini yake, kama nguzo ibebavyo dari. Waya wa baiskeli, ambao unene wake wa kawaida ni milimita 2 tu, hauwezi kusimama hivyo. Ukiusukuma kutoka nchani utapinda. Kazi yake yote hutokana na kuvutwa. Spoki zote hukazwa tangu mwanzo, na uzito unapolikandamiza gurudumu zile za chini hupungukiwa na mkazo kiasi, lakini hazilegei kabisa. Vitu viwili vinavyofanya kazi kwa njia zinazopingana vyastahili majina mawili.

Sehemu za spoki ni kichwa, kiwiko, na upande wa pili hesi. Tunalisisitiza neno hesi, ambalo wazee wa pwani walilijua pamoja na parafujo, kwa sababu wafasiri wengi siku hizi huandika nyuzi. Katika hesabu za pembe nyuzi tayari zina kazi nyingine, na mwongozo unaotaja pembe ya nyuzi 60 na spoki yenye nyuzi katika ukurasa mmoja humtaabisha msomaji bure. Kijinati kinachoshika hesi mafundi hukiita nipeli, nasi twaona waachwe na neno lao. Tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza, yaani chuchu, imewahi kuonekana kwenye maandishi. Tusiseme zaidi.

Kuhusu habu, kuna wanaopenda kitovu. Ni neno zuri, na lingefaa kama shuleni lisingetumika kwa katikati ya duara. Lakini mfasiri atakapotaka kusema umbali kutoka katikati ya habu hadi kwenye flenji, atajikuta ameandika kitovu cha kitovu. Ringi nayo ni bora kuliko rimu, kwa kuwa mtumishi wa ofisi akisoma rimu 40 atadhani ni karatasi.

Sasa tuje kwenye vipenyo. Cha kwanza ni kile cha jina. Baiskeli ya inchi 28 imeitwa hivyo kwa kukadiria kipenyo cha nje cha tairi lililojazwa upepo. Inchi 28 ni milimita 711, lakini hakuna sehemu ya ringi yenye kipimo hicho. Zaidi ya hayo, jina hilo hubebwa na ringi zisizolingana: ile ya baiskeli kubwa za zamani zenye breki za vyuma, ambayo tairi lake huandikwa 28 x 1½, na ile nyembamba ya baiskeli za mbio. Hali ya inchi 26 ni mbaya zaidi. Kwa hiyo kipimo hiki tunapendekeza kisiitwe kipenyo hata kidogo, bali namba ya tairi.

Cha pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa juu ya ringi. Hiki ni kipimo cha kweli, nacho huandikwa ubavuni mwa tairi kwa milimita kufuatana na utaratibu wa kimataifa, ISO 5775. Maandishi 40-635 maana yake ni tairi lenye upana wa milimita 40 linalokaa kwenye kipenyo cha milimita 635. Hiyo ndiyo 28 x 1½ tuliyoitaja. Ringi ya mbio ni 622. Katika zile za inchi 26, tairi la 26 x 1⅜ hukaa kwenye 590, ilhali la baiskeli za milimani hukaa kwenye 559. Kiiteni kipenyo cha mkao wa tairi. Kinamfaa muuza matairi, lakini msuka gurudumu hakimfai.

Anachokihitaji msuka gurudumu ni cha tatu: kipenyo cha duara ambalo ncha za spoki hulifikia zikiwa ndani ya vichwa vya nipeli. Kwa Kiingereza kipimo hiki kina jina lenye maana ya kipenyo kinachofanya kazi, na wafasiri wamelijibu kwa kipenyo fanisi au kipenyo halisi. Hatuyaungi mkono. Fanisi yaeleza mafanikio, na kipimo hakifanikiwi wala hakishindwi. Halisi inadokeza kwamba cha pili ni cha uongo, jambo ambalo si kweli. Sisi tunapendekeza kipenyo cha ncha za spoki. Ni jina refu, twakiri, lakini linamwambia fundi aweke rula wapi.

Njia ya kukipata ni nyepesi. Chukua spoki mbili za zamani zenye urefu mmoja unaoujua, tuseme milimita 250, ukikumbuka kwamba spoki hupimwa kuanzia ndani ya kiwiko hadi ncha ya hesi, kichwa hakihesabiwi. Zitie katika matundu mawili yanayokabiliana (kwenye ringi ya matundu 36, hesabu 18 kutoka la kwanza), kaza nipeli mpaka ncha ilingane na mfuo wa bisibisi, uzivute, kisha pima nafasi iliyobaki baina ya viwiko. Ikiwa nafasi hiyo ni milimita 100, kipenyo ni 250 na 250 na 100, yaani 600.

Kama spoki zingenyoka kutoka katikati ya habu, hesabu ingekuwa karibu ya kutoa tu. Lakini tangu James Starley wa Uingereza alipopata hataza mwaka 1874, spoki nyingi hutoka kwenye habu kwa ubavu na kupishana, ili nguvu ya kuzungusha isipotee. Hivyo pembe huingia katika hesabu. Flenji yenye matundu 18 huyatenga kwa nyuzi 20 kila moja. Msuko wa mapishano matatu hutupa nyuzi 60. Chukua kipeo cha pili cha nusu ya kipenyo cha ncha, ongeza kipeo cha pili cha nusu ya kipenyo cha duara la matundu ya flenji, ongeza kipeo cha pili cha umbali wa flenji kutoka katikati ya habu. Toa mara mbili ya zao la nusu vipenyo hivyo na kosaini ya pembe. Tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha toa nusu ya upana wa tundu la flenji. (Walimu wataona jinsi herufi moja itengayo kipeo na kipeuo ilivyo na kazi hapa, mpiga chapa aonywe.)

Tuchukue ringi yenye mkao wa 622 na kipenyo cha ncha cha 600, duara la flenji la 45, umbali wa 35, na tundu la 2.5. Jibu ni milimita 290.3, na fundi atanunua spoki za 290. Aliyeongozwa na mwongozo usemao kipenyo cha ringi tu akaweka 622 atapata 301. Milimita 11 hizo si ndogo: hesi yote ya spoki huwa karibu na milimita 10. Nipeli itafika mwisho wa hesi kabla spoki haijakaza, na ncha itachomoza ndani ya ringi ielekee kwenye mpira wa ndani. Kosa la milimita moja au mbili huvumilika, hili halivumiliki.

Linabaki gurudumu la nyuma la baiskeli yenye gia nyingi. Gia huisukuma flenji moja karibu na katikati, na spoki za upande huo huwa fupi. Katika mfano wetu, umbali ukiwa 20 badala ya 35, urefu huwa 288.8. Miongozo mingi iliyofasiriwa husema spoki za kulia na za kushoto. Gurudumu likiwa mikononi mwa fundi, nje ya baiskeli, halina kulia wala kushoto. Iandikwe upande wa gia na upande wa pili.