Meli za vita zilizozama Ziwa Tanganyika: Moja iliibuka ikaitwa Liemba, nyingine ingali chini

Ukitoka Sumbawanga kwenda Kasanga kupitia Matai, barabara inakushusha kutoka uwanda wa juu wa Ufipa hadi ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Kasanga bado kuna magofu ya boma la Wajerumani, ambao enzi hizo waliuita mji huo Bismarckburg.

Wengi wanalijua boma hilo. Wachache wanajua kwamba vita vilivyowang'oa Wajerumani pale viliamuliwa majini, na kwamba mabaki yake yaliachwa ndani ya ziwa.

Ilikuwaje?

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani ndio waliotamba ziwani. Walikuwa na meli ndogo mbili, Hedwig von Wissmann na Kingani. Februari 1915 wakaongeza kubwa zaidi, Graf von Götzen. Hii iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande na kupakiwa kwenye makasha. Ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya.

Waingereza wakajibu kwa boti mbili za urefu wa mita 12 hivi, Mimi na Toutou. Usidhani Mimi ni Kiswahili: kwa Kifaransa cha watoto, majina hayo ni paka na mbwa. Boti zilitoka London hadi Cape Town, zikapanda treni, halafu zikakokotwa na mashine za mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, Kongo, mpaka zikafika ziwani, ilipo Kalemie ya leo.

Desemba 26, 1915, boti hizo ziliiteka Kingani. Waingereza wakaitengeneza na kuipa jina Fifi. Februari 9, 1916, Fifi na Mimi zikaikimbiza Hedwig von Wissmann, zikaipiga mizinga, ikashika moto na kuzama. Yaani Wajerumani walizamishwa na meli iliyokuwa yao wenyewe.

Juni 1916 Waingereza wakaichukua Bismarckburg. Mwezi uliofuata, Julai 26, Wajerumani waliizamisha Graf von Götzen kwa mikono yao karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili adui asiipate. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo grisi nyingi. Walitegemea kurudi.

Grisi ilisaidia nini?

Chuma hushika kutu kikikutana na maji na oksijeni. Grisi inazuia vitu hivyo visiguse chuma. Wabelgiji waliiibua meli hiyo mwaka 1918, ikazama tena kwa dhoruba mwaka 1920 huko Kigoma. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya: Liemba. Ndiyo hiyo hiyo iliyobeba abiria, dagaa na mizigo kwa miongo mingi, ikipita Kasanga hadi Mpulungu, Zambia. Injini zake za mvuke ziliendelea kutumika hadi miaka ya 1970.

Na iliyobaki chini?

Hedwig von Wissmann haikurudi. Ziwa hili ni la pili kwa kina duniani, karibu mita 1,470 sehemu ya chini kabisa. Kuanzia kina cha takribani mita 100 hadi 250, kutegemea eneo, maji hayana oksijeni, kwa hiyo kutu hupungua kasi. Hata hivyo, kuna bakteria wanaoishi bila oksijeni ambao nao hula chuma polepole.

Ziwa lina faida nyingine: halina wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Huko Mombasa meli ya Kireno, Santo António de Tanna, ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697 wakati Waomani wameizingira ngome hiyo. Wazamiaji walipoichimba kuanzia mwaka 1977, sehemu ya mbao iliyofukiwa na tope ndiyo iliyosalia. Vitu vilivyotolewa humo vikapata nafasi katika makumbusho ya Fort Jesus.

Kinyume chake ni manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyozamishwa delta ya Rufiji Julai 1915. Mizinga yake iliokolewa na kupelekwa vitani nchi kavu. Miaka iliyofuata mabaki yake yalikatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu, mengine yakamezwa na tope. Hadithi yake imebaki, meli yenyewe imekwisha.

Sheria inasemaje?

Hapa ndipo penye tatizo. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Mabaki ya vita vya 1915 na 1916 hayafikii umri huo, hivyo yanahitaji kutangazwa na waziri ndipo yalindwe.

Mkataba wa UNESCO wa 2001 unahesabu kitu chochote kilichokaa chini ya maji miaka 100 au zaidi kuwa urithi, na unakataza kukifanya biashara. Kwa kipimo hicho, Hedwig von Wissmann ilitimiza umri Februari 2016.

Ukikutana na kitu cha vita je?

Kikinasa kwenye wavu au kikionekana ufukweni, usikigonge, usikikate wala usikipeleke kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Kombora la zamani linaweza kulipuka hata baada ya miaka 100. Weka alama mahali ulipokiona, watoto wakae mbali, kisha toa taarifa serikali ya kijiji au polisi.

Na kumbuka, watu walikufa ndani ya Hedwig von Wissmann. Meli ya namna hiyo ni kaburi pia, na kilo chache za chuma hazilingani na hilo.