Nazi ndani ya tenki la dizeli

Asubuhi ya kipupwe, mwezi wa Julai, itazame chupa ya mafuta ya nazi iliyolala dirishani Mji Mkongwe. Yaliyokuwa maji jana jioni yameganda meupe kama samli, na anayetaka kujipaka lazima aitoe chupa juani kwanza. Hakuna baridi ya kutetemesha hapo. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 25 hivi, na usiku wa kipupwe Unguja hushuka zaidi ya hapo. Mimi kazi yangu ni injini za dizeli, na mtu akiniuliza kama gari lake litakwenda kwa mafuta ya nazi, humwambia akaitazame hiyo chupa kisha arudi tuzungumze.

Suala lenyewe si la kijinga. Huulizwa kila mafuta yanapoadimika kisiwani na foleni ya vyombo kwenye sheli ikapinda kona. Liliulizwa sana kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, Unguja ilipokaa miezi mitatu bila umeme wa kutoka Bara. Vichochoro vya Mji Mkongwe vilijaa ngurumo na moshi wa majenereta, na kila mwenye duka akawa hodari wa hesabu za lita.

Injini ya dizeli, kwa kweli, haichagui sana chakula. Haina plagi ya kuwasha kama ya petroli. Huivuta hewa, ikaibana mpaka ikapata joto la mamia ya nyuzi, kisha nozeli ikapuliza mafuta ndani yake kama ukungu, yakawaka yenyewe. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, kampuni ya Otto iliendesha injini ndogo ya aina hii kwa mafuta ya karanga, na Rudolf Diesel mwenyewe alieleza baadaye kwamba ilifanya kazi vizuri hata watazamaji wengi hawakutambua. Mwaka 1937, Mbelgiji aitwaye Chavanne, wa Chuo Kikuu cha Brussels, akapata hataza ya kuyageuza mafuta ya mawese ya Kongo yawe mepesi ya kutia kwenye injini, na mwaka uliofuata basi la abiria likayatumia kati ya Brussels na Louvain. Wakongo walioangua mikungu ya chikichi hawakulipanda basi hilo, lakini hiyo ni makala nyingine.

Basi tatizo liko wapi? Liko kwenye uzito. Yakiwa na joto la nyuzi 40, mafuta ya nazi ni mazito kama mara kumi kuliko dizeli. Nozeli ina matundu membamba mno, mengine hayafiki nusu milimita. Dizeli ikipita hapo hutoka ukungu. Mafuta mazito hutoka kama mate: matone makubwa ambayo hayawahi kuungua yote. Yanayobaki hugeuka masizi magumu kwenye ncha ya nozeli, mengine huteremka ukutani mwa silinda, yakapita kwenye ringi na kuingia ndani ya oili.

Niliwahi kuletewa jenereta la nyumba moja ya wageni. Mpishi na mlinzi walikuwa wamekubaliana kuokoa dizeli: mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi na samaki yalichujwa kwa kitambaa cha kanga, yakamiminwa tenkini. Jenereta liliwaka, likaenda siku kadhaa, kila mtu akafurahi. Nilipolifungua, nozeli zilikuwa na ndevu nyeusi kama chungu cha kuni, ringi zimegandana na pistoni, na oili ya injini imekuwa nzito kama asali. Kilicholiua ni maji na ukoko wa samaki uliopita kwenye kanga, na mafuta baridi yaliyosukumwa kwenye injini baridi.

Joto ndilo dawa ya kwanza. Ukiyapasha mafuta ya mimea mpaka nyuzi 70 au 80, hukaribia wepesi wa dizeli. Ndiyo maana wanaojua kazi hufunga matenki mawili. Injini huwashwa kwa dizeli, ikishapata moto maji ya rejeta hupitishwa kwenye bomba la kupashia tenki la pili, ndipo fundi akageuza koki. Dakika chache kabla ya kuzima, hurudi kwenye dizeli ili pampu na nozeli zisilale na mafuta mazito. Anayesahau kurudi, kesho asubuhi atasukuma gari.

Dawa ya pili inafanana na ile ya Chavanne: mafuta huchanganywa na methanoli na kostiki, ileile ya wapika sabuni wetu, yakajitenga mawili. Juu hukaa dizeli ya mimea, nyepesi. Chini hutuama gliserini. Lita 100 za mafuta hutaka kama lita 20 za methanoli. Tafadhali usijaribu jikoni. Methanoli ni sumu, na moto wake mchana karibu hauonekani. Mtu huungua kabla hajajua kinachowaka. Na hata dizeli hii ikiwa safi, mara ya kwanza huosha uchafu wa miaka uliolala tenkini, ukaenda kuziba filta, na mabomba ya mpira ya gari la zamani huvimba.

Sasa turudi kwenye nazi. Kwa tabia zake, ni katika mafuta bora ya mimea kwa injini. Mafuta ya alizeti yakikaa hewani kwenye joto hugeuka nata kama vanishi. Ya nazi hayana tabia hiyo, na huwaka upesi yakipulizwa. Watu wa Bougainville, kisiwa cha Pasifiki kilichozingirwa kwa vita miaka ya 1990, waliendesha magari yao kwa nazi kwa sababu hawakuwa na jengine. Ufilipino imeiweka dizeli ya nazi kwenye sheria tangu 2007, ikichanganywa asilimia chache tu katika dizeli ya kawaida.

Lakini piga hesabu. Lita moja ya mafuta hutaka nazi nane mpaka kumi. Tenki la lita 40 ni nazi 320 mpaka 400. Minazi yetu mingi imezeeka, mingine inaliwa na mdudu chonga, mingine imekatwa kupisha majengo, na madafu yanapata mteja kabla hayajawa nazi. Bei ya lita ya mafuta ya nazi sokoni inaipita ya dizeli kwa mbali. Kuyachoma kwenye barabara ya Bububu ni israfu, na wala sioni haya kulitumia neno hilo.

Mbono nao ulisifiwa hivyo hivyo. Ule mbono kaburi tunaoujua kwa uzio na makaburini ulitangazwa Bara kama kisima cha mafuta. Kilwa walikuja watu wa kampuni ya Bioshape, Kisarawe wakaja wa Sun Biofuels, wakachukua maelfu ya hekta. Kufika mwisho wa 2011 wote wawili walikuwa wamesimama, na wanavijiji wakabaki wanaulizia ardhi yao.

Ama mafuta ya taa, hayo ndiyo mbadala ambao Watanzania wengi wameutumia bila ya kuujua. Neno kuchakachua lilienea kwa ajili yake, mpaka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ife. Yanawaka, ndiyo, lakini ni makavu. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe, na ikinyimwa hujisaga.

Kinachobaki, kwa maoni yangu, ni mafuta yaliyokwisha kukaangia. Hoteli za Nungwi, Kendwa, Kiwengwa na Paje hukaanga kila siku, na mafuta hayo yakimwagwa huziba makaro au huishia baharini. Kenya, kampuni ya Eni inayakusanya pamoja na mafuta ya mbegu na kuyapeleka Italia. Shehena yake ya kwanza ya mafuta ya mimea iliondoka mwaka 2022. Sisi tunaweza kuanza karibu zaidi: jenereta la zamani la hoteli yenyewe, lenye tenki la pili la kupasha, linaloangaliwa na mtu mmoja anayejua koki iko wapi. Mafuta yatuame wiki nzima, yachemshwe mpaka maji yaishe, yapite kwenye filta halisi, na oili ya injini ibadilishwe nusu ya muda wa kawaida.

Mwenye gari jipya la komoni reli, lenye pampu ya kusukuma kwa baa 1,600 na zaidi, asiyaguse haya yote. Nunua dizeli ya sheli, na uombe risiti.