Rehani ya Shamba na Mpaka wa Karen

Mgeni apitaye Karen kwa mara ya kwanza, akaona farasi wakila nyasi nyuma ya nyua za miti, na viwanja ambavyo asili yake ni shamba la kahawa lililouzwa na kukatwakatwa mwaka 1931, aghalabu hudhani amekwisha kutoka mjini, ilhali angali ndani ya Kaunti ya Nairobi. Na mtunza bustani ya hapo, avukapo mto Mbagathi jioni kurudi chumbani kwake Ongata Rongai, penye maghorofa yaliyosongamana, ndiye aliyeingia Kajiado, kaunti ya wafugaji. Mwenye kutaka kujua kama astahiki mkopo nafuu wa nyumba ya shamba na aanzie hapo, kwani raia hutazama mandhari, na wakopeshaji hutazama ramani.

Chukua kampuni ya KMRC (Kenya Mortgage Refinance Company), iliyoundwa mwaka 2018, ambayo Hazina ya Taifa ni miongoni mwa wenye hisa wake, na ambayo haimkopeshi raia mwenyewe bali huvipa benki na vyama vya akiba fedha za riba ndogo ili navyo vikopeshe kwa riba isiyofika tarakimu mbili. Masharti yake ya mwanzo yalimtaka mkopaji awe na pato lisilozidi shilingi 150,000 kwa mwezi, na yakaweka kikomo cha mkopo kuwa milioni 4 kwa Nairobi na milioni 3 kwingineko. Vikomo hivyo vimekwisha kupandishwa, lakini Kiambu, Machakos na Kajiado zilihesabiwa pamoja na Nairobi tangu hapo mwanzo, hata boma lililo mbali kabisa na lami.

Marekani ni kinyume. Huko Wizara ya Kilimo hudhamini mikopo ya nyumba za mashambani kwa watu wa pato la wastani, na hutazama mahali penyewe iliposimama nyumba, hata kaunti moja yaweza kuwa na kitongoji kinachostahiki na jirani yake kisichostahiki. Kwa maoni yangu utaratibu huo una insafu zaidi.

Hapa Kenya, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 imeitaja nyumba ya mashambani, na kuieleza kuwa ni ya mtu akaaye mahali pasipo mji. Basi mtunza bustani wetu, mwenye mshahara wa shilingi 30,000, hukatwa 450 kila mwezi kwa ushuru wa nyumba, na tajiri wake hulipa 450 nyingine. Analala Rongai, lakini mkewe, watoto na kiwanja alichoachiwa na babu vipo kijijini Butere. Ni mkazi wa wapi? Mimi ningemhesabu mtu wa Butere pasi na shaka, ila karani wa mikopo huanza na hati ya mshahara.

Tuseme amekubaliwa. Mkopo wa milioni 3 kwa riba ya asilimia 9, kwa muda wa miaka 20, hudai karibu shilingi 27,000 kila mwezi, na Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yote kupita theluthi mbili ya mshahara, yaani kwake 20,000. Milioni moja hudai karibu 9,000, na hiyo yawezekana, maadamu hana deni jingine.

Hata hivyo, wengi hawakwami kwenye hesabu hiyo, hukwama kwenye hati. Ardhi ya Butere ingali kwa jina la marehemu babu, na hapana benki ipokeayo rehani kutoka kwa maiti. Sharti kwanza mirathi ipite mahakamani, ami na shangazi wakiwamo, kisha ardhi igawanywe na kila mrithi apate hati yake. Ikiwa nyumba ya ndoa ndiyo inayowekwa rehani, Sheria ya Ardhi ya 2012 yataka ridhaa ya mke au mume. Fauka ya hayo, ardhi ya kilimo haiwekwi rehani bila idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na maombi hupelekwa ndani ya miezi sita tangu mapatano kufanywa. Pasipo idhini hiyo rehani ni batili, ijapokuwa mawakili wa pande zote mbili wamekwisha kutia sahihi.