Upepo wa Kusi Ukivuma, Jaketi la Mtoto Limelazwa Wapi?



Ndugu zangu katika imani, upepo wa kusi umekwisha kushika. Tangu mwezi wa Aprili bahari yetu imebadili sura, na kufikia Julai mawimbi ya nje ya miamba si ya mchezo. Mashua ndogo zimepandishwa pwani. Ule mkoba tuliokuwa tukiubeba kwenda ufuoni siku za kaskazi, wenye majaketi okozi ya watoto, miwani ya mbizi, tyubu na kamba, umesukumwa uvunguni mwa kitanda kungojea bahari itulie. Swali langu la wiki hii ni dogo: tumeuweka, au tumeutupa tu mahali tusipouona?

Katika Sura Yusuf tumesimuliwa jinsi Nabii Yusuf, alayhi salaam, alivyoifasiri ndoto ya mfalme kuhusu miaka saba ya neema na miaka saba ya ukame. Hakusema tu kwamba nafaka iwekwe akiba. Alieleza namna ya kuiweka: iachwe ndani ya masuke yake, isipokuwa kidogo kitakacholiwa. Wafasiri wameeleza kuwa kuiacha hivyo kunaikinga na kuharibika. Basi kuweka ni elimu, na anayeweka ovyo ni kama hakuweka.

Somo hili nililipata kwa aibu. Msimu mmoja, upepo ulipolegea, nilitoa jaketi la mjukuu wangu stoo. Miezi yote ile lilikuwa limelala chini ya magunia, nami ndiye niliyeyapanga magunia hayo. Kwa macho lilikuwa zima, rangi yake ingali inang'aa. Kabla ya kupanda chombo tuliingia naye majini, kina cha kiuno changu, nikiwa nimemshika. Nilipolegeza mkono kidogo, maji yalimfika puani. Nilimwinua mara moja, naye akacheka akidhani ni mchezo. Mimi sikucheka. Mtoto yule alikuwa ameniamini mimi, nami nilikuwa nimeliamini jaketi ambalo sikulitunza.

Kinachomwelesha mtu katika jaketi la namna hii ni sponji ngumu iliyo ndani yake, yenye vijishimo vya hewa vilivyofungika. Ikigandamizwa na mzigo kwa muda mrefu, hewa ile hupungua na uwezo wa kuelea hupungua pamoja nayo. Jua kali nalo huidhoofisha nguo ya nje na nyuzi za mshono, na joto la moto huiharibu sponji yenyewe. Kwa hivyo jaketi lisuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, likaushwe kivulini mpaka ndani, kisha litundikwe mahali pakavu penye hewa. Lisikunjwe, lisikaliwe, wala lisiwekewe kitu juu.

Msimu ukirudi, lisivaliwe kabla ya kukaguliwa. Vuta mikanda kwa nguvu, funga na kufungua vifungo vyote, tazama mishono. Soma kibandiko cha ndani kinachoonyesha uzito wa mvaaji, kwani mtoto wa mwaka jana si mtoto wa mwaka huu. Kisha lijaribuni majini, pasipo kina, mtu mzima akiwa amemshika mtoto: kidevu chake kibaki juu ya maji, na jaketi lisipande likamfika masikioni. Na tyubu za kupuliza zisihesabiwe kamwe kuwa ni vyombo vya kuokolea. Hizo ni za mchezo tu, na tundu moja dogo huzimaliza.

Vifaa vingine navyo vina haki yake. Adui mkubwa ni chumvi, kwa kuwa huvuta unyevu, na kitu kilichowekwa na chumvi yake hakikauki sawasawa. Kamba zisuuzwe, zikaushwe, zizungushwe na kutundikwa. Tanga likikunjwa likiwa bichi huota ukungu. Likishakauka liwekwe juu, mbali na sakafu na panya. Kidau kivutwe hadi mahali maji ya bamvua hayafiki, kisha kifudikizwe, maana kidau kilicholala wazi wakati wa masika hujaa maji na kuwa mazalio ya mbu kando ya nyumba zetu. Mwenye mashua ya mbao atumie majira haya kuikalafati na kuipaka deheni. Petroli ya mashine isilale ndani ya nyumba wanamolala watu.

Kazi hii aghalabu huwaangukia akina mama, kwa kuwa ndio wenye kujua kila kitu kiko wapi. Lakini baba aliyetumia chombo asikibwage mlangoni akaenda zake. Watoto nao wafundishwe kusuuza na kuanika vitu vyao wenyewe, kwani hayo ni malezi.

Limebaki jambo moja lenye kunihuzunisha. Wengi wetu, jaketi likichakaa, humpa mtoto wa jirani au kijana wa chomboni, tukiita sadaka. Ndugu zangu, Mwenyezi Mungu ametukataza, katika Sura ya Baqara, kukusudia vilivyo vibaya tukavitoa, ilhali sisi wenyewe tusingevipokea ila kwa kufumba macho. Nguo kuukuu yaweza kumsitiri maskini, lakini jaketi lisiloelea humhadaa katika saa ambayo hana la pili la kutegemea. Likatwe vipande na kutupwa, asije mwingine akaliokota na kulivaa.

Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alimwelekeza mtu mmoja amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo ategemee. Sisi watu wa bahari, kutundika jaketi vizuri ni sehemu ya kumfunga ngamia wetu. Leo, baada ya swala ya Alasiri, chungulieni uvunguni.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, nchi kavu na baharini. Amin.