Kiwanja cha mbali au ghorofa ya karibu? Hesabu za kujenga Kigoma na Ujiji

Mtu aliyejibana miaka kadhaa akapata fedha ya kuanza ujenzi Kigoma huwa anatajiwa kwanza kiwanja cha nje: Mwandiga, au mbele zaidi kwenye barabara ya Kasulu. Bei inavutia, eneo ni kubwa, hewa safi. Kipande cha kiwanja ndani ya mji, Mwanga au Katubuka, kikitajwa, anatikisa kichwa na kuondoka. Na kwa kuwa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ilisainiwa mkataba Desemba 2022, wapo pia wanaosema mji nao unyanyuke, ujengwe maghorofa marefu kama ya Dar es Salaam.

Msimamo wangu nautoa mapema. Manispaa ya Kigoma-Ujiji haihitaji minara. Inahitaji watu wake wakae karibukaribu zaidi, kwenye nyumba za chini na za ghorofa moja, ndani ya kata ambazo tayari zina barabara, bomba na nguzo za umeme. Sisemi hivyo kwa kupenda mandhari. Ninaangalia mfuko wa anayejenga.

Minara hulipa pale ardhi inapokuwa ghali kuliko zege. Dar es Salaam ilikuwa na watu 4,364,541 kwenye sensa ya mwaka 2012, na mwaka 2022 ilikuwa na 5,383,728. Imeongeza zaidi ya milioni moja. Kigoma-Ujiji katika miaka hiyohiyo imetoka 215,458 hadi 232,388, yaani haikufikisha hata ongezeko la watu 17,000. Hapa zege ndilo ghali. Saruji na nondo zinazotoka pwani husafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa treni au lori, na kila sakafu inayoongezwa inakula mzigo huo. Ukipita ghorofa nne unadaiwa lifti, pampu ya kusukuma maji juu, jenereta ya siku umeme ukikatika, na walinzi. Wapangaji wa kulipia vyote hivyo, mwezi hadi mwezi, ni wachache mno katika mji wa wavuvi, wafanyabiashara wa ng'ambo ya ziwa na watumishi wa serikali.

Minara tuiache, tupige hesabu ya kile kiwanja cha mbali.

Chukua familia ya wazazi wawili wanaofanya kazi mjini na watoto wawili wanaosoma mjini. Kwa viwango vya nauli vya LATRA vya Desemba 2023, safari isiyozidi kilomita 10 ni shilingi 600 kwa mtu mzima na 200 kwa mwanafunzi. Wazazi wakienda na kurudi siku 26 za mwezi, ni 62,400. Watoto kwa siku 22 za shule ni 17,600. Jumla 80,000 kila mwezi wa shule. Bodaboda ya kutoka lami mpaka mlangoni haimo, wala ile ya usiku mtoto anapougua. Kwa mwaka inakaribia laki tisa, na ndani ya miaka kumi familia hiyo imeshalipa milioni kadhaa ambazo haizioni popote, si kwenye ukuta wala kwenye paa.

Uje umeme. Kwa gharama zilizoanza Januari 2022, kuunganishwa mjini bila kuhitaji nguzo ni shilingi 320,960. Kwa nguzo moja ni 515,618, na kwa nguzo mbili 696,670. Vijijini ni 27,000, kwa hiyo ulizia kwanza kiwanja chako kimeandikwa mji au kijiji. Pembezoni ambako eneo limeshahesabiwa mji lakini nguzo hazijafika, tofauti ya nguzo mbili peke yake ni 375,710. Maji nayo vivyo hivyo. KUWASA, mamlaka ya maji ya mji, huyavuta ziwani na kuyasukuma kwenda juu ya vilima, hivyo kadiri unavyojitenga na kupanda, ndivyo unavyosubiri zaidi na kununua madumu zaidi.

Kiwanja cha mbali pia hakipangishiki. Chumba cha ziada Mwanga au Gungu kinapata mpangaji mwezi huohuo kinapopigwa rangi. Chumba cha ziada porini kinabaki kuwa stoo. Ardhi hiyo ya mbali nayo haikuwa tupu. Sehemu kubwa ilikuwa michikichi na mihogo, na huu ni mkoa ambao serikali imeupa kazi ya kupunguza mafuta ya kula yanayoagizwa nje, na miche ya michikichi inazalishwa hapahapa Kihinga. Inaniuma kuona mchikichi unaozaa ukikatwa ili nyumba moja ikae katikati ya mita za mraba 800.

Sasa ghorofa moja. Nayo ina gharama zake na nisizifiche. Tangu Julai 2023 kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 7,500 kwa kila sakafu ya nyumba ya ghorofa iliyo kwenye jiji, manispaa au mji. Nyumba ya sakafu mbili inalipa 15,000, tofauti ya 13,500. Ni nauli ya mtu mzima kwa safari 22. Familia yetu ya mfano ilikuwa inalipa nauli ya 80,000, kwa hiyo hata kodi hiyo ikiingia, ghorofa ya karibu bado inaongoza kwa mbali.

Gharama kubwa iko kwenye msingi na nguzo, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Msingi wa mawe wa nyumba ya chini haubebi slabu. Fundi mwadilifu atakwambia hivyo waziwazi: "Mzee, hapa ukipandisha unaua watu." Ghorofa inahitaji nguzo za zege zenye nondo kuanzia chini ya ardhi, ringi zilizokaribiana, zege lililoshindiliwa lisibaki na matundu, na kumwagiliwa maji kila siku mpaka likomae. Ramani ichorwe na wataalamu waliosajiliwa na kibali kitoke manispaa. Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 2024 jingine likaanguka Kariakoo. Kwetu kuna sababu moja zaidi ya kuogopa uzembe: tumekaa juu ya Bonde la Ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga hapa Ziwa Tanganyika na kuangusha nyumba Kalemie, ng'ambo yetu. Bukoba mwaka 2016, tetemeko la 5.9 liliharibu maelfu ya nyumba. Sakafu mbili zilizofungwa vizuri kwa nondo zinastahimili. Sakafu sita za kubana matumizi ni hatari ninayoikataa kabisa.

Kama fedha haitoshi, ndugu wawili wanaweza kujenga pamoja, mmoja chini mmoja juu. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inamruhusu kila mmoja awe na hati ya sehemu yake. Lakini andikishianeni kabla ya kumwaga zege, wala msingoje mpaka mzazi afariki.

Kuna chaguo jingine lisilohitaji slabu hata moja, nalo liko Ujiji tangu zama za misafara. Burton na Speke walipofika mwaka 1858 waliukuta mji wa biashara. Nyumba ya Kiswahili ya Ujiji hadi leo ina baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani nyuma penye jiko na choo. Piga hesabu: ekari mbili na nusu hivi, yaani hekta moja, ukitoa njia na maeneo ya wazi, inabaki na viwanja 15 vya mita 20 kwa 20. Kila nyumba vyumba sita, na kila chumba kikiwa na kaya yake, hizo ni kaya 90. Kule porini, hekta hiyohiyo kwa viwanja vya mita za mraba 800 ina nyumba saba. Mji Mkongwe wa Zanzibar ulibana watu kwa sakafu mbili tatu za mawe, na Paris kwa sita au saba. Wingi wa watu hauhitaji mnara.

Kinachoibana Ujiji ni shimo. Mita 30 ndiyo nafasi inayoshauriwa kati ya choo cha shimo na kisima. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20, hata ukichimba choo kona hii na kisima kona ile ya mshazari, unapata mita 28 tu, na mashimo ya jirani bado hujayahesabu. Mwambao huu umeshaonja kipindupindu. Mei 2015 kilipiga Kagunga wakimbizi wa Burundi walipokuwa wamefurika. Kwa hiyo anayenunua nyumba ya zamani Ujiji kwa nia ya kuongeza vyumba aache kisima, avute bomba, na fedha ya chumba kimoja aiweke kwenye shimo la maji taka lililojengewa kwa zege. Majirani watatu wakichanga shimo moja kubwa, kila mmoja anatoa kidogo. Gari la kunyonya lipate pa kupita, maana mpira wake una mwisho.

Kiwanja cha ufukweni kikipatikana kwa bei ya kutupa, Kibirizi au Katonga, usikiguse. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na maji yalipopanda miaka ya 2020 na 2021 yaliwaonyesha waliojenga humo kwa nini. Anayelenga Katubuka au jirani ya uwanja wa ndege aulize mapema urefu unaoruhusiwa, kabla ya kulipia ramani.

Na kama mwaka huu uwezo wako ni wa nyumba ya chini, lakini kiwanja kiko Mwanga na una nia ya kupanda baadaye, weka msingi na nguzo za ghorofa sasa hivi, ezeka bati, hamia. Ngazi ipewe nafasi yake kwenye ramani tangu leo. Nondo zinazobaki juu ya nguzo zifunikwe kwa zege jepesi mpaka ncha, maana mvua za masika mbili tatu zinatosha kuzifanya ziliwe na kutu, na fundi atakayekuja atalazimika kuvunja kichwa cha nguzo ndipo aunganishe upya.